Wapiga gitaa mnaotunga, anzeni na ridhim

Vijana wengi ninaokutana nao mazoezini wanataka solo tu, zile noti moja moja za kuonyesha ufundi, yani mtu hata kubadilisha kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) bado anakwama ila tayari anakimbilia solo. Mimi nimepiga ridhim, yani kusindikiza wimbo kwa kodi, kwenye bendi miaka mingi na nyimbo zangu zote nimezitungia hapohapo kwenye kodi, kwahiyo nawaambia kitu nachokijua.

Mfano wangu siku zote ni Chrissie Hynde wa The Pretenders, bendi ya rock ya Uingereza. Dada wa Akron, Ohio, kazaliwa 1951, 1973 akahamia London, akaandika mambo ya muziki kwenye gazeti la NME, akauza nguo dukani kwa Malcolm McLaren na Vivienne Westwood, akajaribu bendi hii na ile hazikusimama, mpaka 1978 ndo akapata watu wake: James Honeyman-Scott kwenye solo, Pete Farndon besi, Martin Chambers dramu. Albamu yao ya kwanza ilishika namba moja Uingereza Januari 1980, na yeye alikuwa na miaka 28. Wewe una 25 unasema umechelewa, umechelewa wapi?

Sasa msikilize mkono wake wa kulia. Ana gitaa lake la umeme la Telecaster, anapiga ridhim anaimba, na baadhi ya nyimbo zake za mwanzo huwezi kuhesabu mapigo yake nne nne mpaka mwisho, maneno yakiisha na mapigo yanaishia hapo, hajazi nafasi kwa lazima. Hilo ndo nililoliiba kwake. Nilikuwa na kiitikio kimoja kila nikikibana kwenye nne kinakufa, nikaongeza mapigo mawili pale pa kuvuta pumzi, mpiga dramu akalalamika wee, tukarudia polepole kwa makofi tu bila vyombo, kikakaa.

Alafu Juni 1982 Farndon alifukuzwa bendi, siku mbili baadaye Honeyman-Scott akafariki, madawa ya kulevya, na Aprili 1983 Farndon naye akafa. Inauma sana hii. Lakini Hynde aliingia studio Julai hiyohiyo ya 1982 na Chambers pamoja na wapigaji wa kuazima akarekodi Back on the Chain Gang, manake wimbo ulikuwa mkononi mwake tayari, hakuhitaji kusubiri mtu wa solo.

Kwahiyo ukitunga leo, imba kwanza bila gitaa, rekodi kwenye simu, sikiliza unapopumulia, ndo uweke kodi. Mashine ya biti iwashe mwisho.