Nani anakula tumba la okidi? Maswali na majibu

Shikamooni. Matumba ya okidi yangu yana matone yanayonata, na sisimizi wamejipanga hadi juu. Mdudu mwingine simwoni. Nipulizie nini? (Kanyenye, Tabora)

Marahaba. Usipulizie kitu bado. Okidi nyingi hutoa zenyewe utomvu mtamu kwenye kikonyo cha maua na mgongoni mwa tumba. Tone likiwa angavu, limekaa peke yake, na majani ya chini ni makavu, hapo hakuna ugonjwa. Ukikuta unata umetapakaa mpaka kwenye majani na masizi meusi yameanza kuota juu yake, geuza tumba utazame shingoni, pale linaposhikana na kikonyo. Vidukari (wengine huwaita wadudu mafuta) na vidugamba hujibanza hapo, na hao ndio wanaomwaga huo utamu. Sisimizi haguguni tumba. Anawachunga hao kama ng'ombe wa maziwa na kuwalinda wasiliwe na wadudu wengine, kwa hiyo ukimwacha atakurudisha nyuma kila wiki. Weka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji yenye tone la sabuni, na hakikisha hakuna jani linalogusa ukuta.

Vidukari waoshe kwa maji, kisha pulizia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai (ml 5) kwa lita moja. Suuza kwa maji safi baada ya saa moja. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu. Wengi hupulizia mara moja, wakaona kimya, wakaacha. Sabuni humuua yule tu iliyemlowesha. Aliyejificha siku ile anaanza ukoo upya.

Sabuni ya mawese inafaa? Huku kwetu ndiyo tele. (Gungu, Kigoma)

Kwa mti mkubwa wenye majani magumu, jaribu jani moja na usubiri siku mbili. Kwa miche, hapana. Sabuni ya kupika nyumbani mara nyingi hubaki na kostiki ambayo haikuisha, nayo huunguza ncha za majani machanga zikawa kahawia. Sabuni ya unga ya kufulia ndiyo mbaya zaidi. Hata ile ya vyombo, kwa mche mdogo ipunguze iwe nusu kijiko kwa lita.

Maua yanafunguka yakiwa yamepinda, kingo za kahawia, na petali zina michirizi ya rangi ya fedha. (Ujiji)

Hao ni vithiripi, na waliingia tumba likiwa bado limefumba. Shika karatasi nyeupe chini ya tumba, ligonge kwa kidole mara tatu. Ukiona vijistari vya milimita moja hivi, vya njano au vyeusi, vinakimbia kwenye karatasi, umewapata.

Shida yao ni kwamba mayai hutagwa ndani ya nyama ya ua, dawa isikofika, na wengi wao huteremka kwenye mkaa na makumbi ya nazi yaliyomo chunguni kugeuka kuwa wakubwa. Kata maua yaliyoharibika, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uuache juani kutwa nzima. Ukiyatupa chini ya meza umewahamisha tu. Kisha tumia mwarobaini: twanga gramu 50 za kiini cha mbegu zilizokauka, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza nusu kijiko cha sabuni ya maji. Pulizia jioni siku hiyo hiyo, kwa sababu jua huiua nguvu yake haraka. Lowesha matumba, mgongo wa majani, na uso wa chungu. Rudia baada ya siku 5, tena siku 5, tena siku 5.

Ukilazimika kununua dawa ya dukani, epuka ile ya mafuta inayogeuka nyeupe kama maziwa ikikutana na maji, kwani viyeyusho vyake huunguza okidi kirahisi. Kipimo cha lebo huwa cha pampu kubwa, kwa hiyo piga hesabu: ml 10 kwa lita 20 ni nusu ml kwa lita moja. Kizibo cha chupa hakipimi nusu ml. Nunua bomba la sindano la ml 2.

Tumbaku iliyolowekwa je? Hatuna uhaba nayo. (Urambo)

Inaua wadudu, kweli. Nikotini hupenya pia ngozi ya anayepulizia, na wachumaji wa tumbaku mbichi wanaijua ile kichefuchefu na kizunguzungu. Haifai kwa chungu cha barazani wanapocheza watoto.

Kuna pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani. (Mwanga, Kigoma)

Vidung'ata. Chovya kijiti cha pamba cha masikio kwenye spiriti ya asilimia 70 na umguse kila mmoja mpaka nta iyeyuke. Ukimpulizia maji yanateleza tu juu ya hiyo nta. Usimwage spiriti katikati ya mche. Utoe mmea chunguni ukague mizizi, maana wengine huishi huko. Ukiwakuta, tupa makumbi yote, osha mizizi, panda kwenye chombo kipya.

Vijinzi vyeusi vinaruka kila nikimwagilia miche. (Kasulu)

Kinachoruka hakina madhara. Mtoto wake, funza mweupe mwenye kichwa cheusi, ndiye anayekula ncha za mizizi. Yupo kwa sababu makumbi yameoza na hayakauki. Badilisha, na acha uso ukauke kabla ya kumwagilia tena. Mfuniko wa plastiki wa njano uliopakwa mafuta ya mgando utanasa wanaoruka.

Matumba yanageuka njano na kudondoka, nimekagua hadi kwa kioo cha kukuzia, hakuna mdudu. (Ipuli, Tabora)

Mama, maembe yako yako wapi? Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na tumba la okidi likiivuta hunyauka kabla ya kufunguka. Tenga moja la maembe sebuleni karibu na okidi linatosha kuleta hasara hiyo, na moshi wa jiko la mkaa una gesi ile ile. Sababu nyingine ni kiangazi chenu cha Mei hadi Oktoba: hewa kavu, chungu kimesahaulika siku nne. Hamisha maembe, si okidi. Nayo ikihamishwa ikiwa na matumba huyaangusha.