Mumeo Anataka Daftari, Hajakukataza Kazi

*Shangazi, niliacha kazi ya ofisini niwe mpangaji wa sherehe. Nimeshasimamia harusi ya rafiki yangu na sherehe mbili za kuzaliwa, na wageni wote walinisifu. Sasa nataka kufungua ofisi, lakini mume wangu hataki niguse akiba yetu. Kila mara ananiuliza mahesabu. Naona ananionea wivu. Alinisaidia kidogo siku ya harusi tu, fedha za mpambaji zilipopungua. Nifanyeje na mwanamume asiyenisapoti? – Mwenye Ndoto*

Pole, mwanangu. Kuacha mshahara wa uhakika kunataka moyo, na kipaji unacho. Lakini pole yangu inaishia hapo, maana katika barua hii mwenye haki ni mumeo.

Umelipitisha haraka jambo moja: fedha za mpambaji zilipopungua. Zilipunguaje, na bwana harusi alishakulipa? Nadhani malipo ya awali ulikuwa umeshayatumia kuziba pengo la sherehe iliyotangulia. Siku ikafika, mpambaji yuko mlangoni na maua yake, hashushi hata ua moja kabla hajalipwa, na wageni wako njiani. Ukampigia nani? Huyo huyo unayemwita mwenye wivu. Akaja, akalipa. Na sioni mahali uliposema alikugombeza mbele ya watu. Angefanya hivyo, ungeniandikia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha anayokukabidhi mteja si yako. Sehemu kubwa ni ya ukumbi, mpishi, mpambaji, mpiga picha na mshereheshaji. Chako ni ujira wako tu. Fungua akaunti ya kazi peke yake. Katika kila bajeti weka kama asilimia 10 ya dharura, kwa sababu mvua hunyesha, umeme hukatika, na wageni huja zaidi ya walioalikwa. Andikeni mkataba hata kama mteja ni rafiki, tena hasa akiwa rafiki: sherehe ikiahirishwa inakuwaje, saa zikizidi nani analipa, idadi ya wageni inafungwa lini. Salio lilipwe kabla ya siku yenyewe. Wageni wakishaondoka, hamu ya kulipa nayo huondoka.

Ofisi ya nini sasa? Wateja unaweza kukutana nao ukumbini, tena ndiko wanakotaka kuwa. Unachohitaji ni ujuzi. Mtafute mpangaji mzoefu, umwombe uwe msaidizi wake. Utahesabu viti, utamfuatilia mtu wa muziki aliyechelewa, utashika ratiba ya dakika kwa dakika, utasimama mpaka meza ya mwisho ipakiwe garini usiku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zile sifa za wageni zisikulevye. Wao waliona mapambo, hawakuona hesabu. Waulize mpishi na mpambaji kama wangekubali kufanya kazi nawe tena. Hao ndio watakaokuambia kweli.

Niseme na wengine pia, maana barua za namna hii ni nyingi. Ndoa za siku hizi, mwenzako akikuuliza swali unamwona adui. Tunataka mke au mume wa kupiga makofi, na tukipata anayefikiri tunalalamika. Akiba ya nyumba imewekwa na wawili, kwa hiyo anayetaka kuitumia lazima akubali kuulizwa. Anayekuuliza bado yuko nawe, mwanangu. Ogopa siku atakayonyamaza.

Kaa naye jioni moja, simu zikiwa pembeni. Mwonyeshe kila sherehe: ulipokea nini, ulilipa nini, kilibaki nini. Kama hakikubaki kitu, mwambie hivyo hivyo. Alichomlipa mpambaji mrudishie hata kwa awamu. Akiba isiguswe mpaka uendeshe shughuli kadhaa na kila mtu alipwe kwa wakati.

Kuna jambo jingine hukuliandika kabisa. Sherehe nyingi huwa mwisho wa wiki, yaani siku zile zile za kukaa na familia. Kabla hujapokea malipo ya mteja mwingine, mtajie mumeo tarehe, muulize kama yeye atakuwa nyumbani, na usikilize jibu lake hadi mwisho.