Injini Iliyotulia Si Injini Nzima

Swali: Fundi, shikamoo. Nipo Buhongwa, Mwanza. Nataka kununua pikipiki ya Boxer 125 ya mkononi niifanyie bodaboda. Mwenye nayo anataka milioni moja na laki sita. Anasema injini haijawahi kufunguliwa, na dashibodi inasoma kilomita 18,000. Nilikwenda na fundi mmoja wa pale kijiweni kwao, akaiwasha, akasikiliza, akasema mlio umetulia kabisa, nisiiachie. Kuna kingine cha kukagua kabla sijatoa hela?

Jibu: Marahaba. Kipo, tena ni karibu chote, maana mpaka hapo bado hujakagua kitu.

Tairi, taa, breki, cheni na spoketi utaviangalia mwenyewe. Vikiwa vimechoka, hivyo ni vya kupunguzia bei. Mimi nataka tukae kwenye hiyo kauli ya "mlio umetulia". Ndiyo inayoniletea watu gereji wakisukuma pikipiki walizonunua mwezi uliopita, na kila mmoja ananiambia alikwenda na fundi, na fundi alisikiliza.

Ndugu yangu, mlio unatengenezwa. Ndani ya kichwa cha silinda kuna vali, na kati ya vali na mkono unaoisukuma lazima paachwe uwazi mdogo sana, usiofika hata robo ya milimita. Uwazi huo ndio unaotoa ile tiki-tiki ndogo unayoisikia injini ikiwa ya baridi. Injini ikichakaa, kelele inakua. Fundi mwaminifu atatafuta kwa nini imekua. Fundi wa kuuzia pikipiki anafungua kifuniko na kukaza tapeti, yaani skrubu ya kurekebisha uwazi huo, mpaka kelele inakufa, halafu anarudisha kifuniko na kufuta vumbi. Injini inalia kama cherehani mpya, na wewe unafurahi.

Sasa angalia kinachoendelea humo ndani. Vali ya kutolea moshi inafanya kazi kwenye moto mkali, na sehemu kubwa ya joto lake inaliachia kwenye kiti chake kila inapofunga. Ukikaza tapeti kupita kiasi, injini ikipata moto chuma kinatanuka na vali haifungi sawasawa. Gesi ya moto inapenya pembeni, ukingo wa vali unaungua, nguvu inashuka, na pikipiki inaanza kusumbua kuwaka. Kwa hiyo ule utulivu uliousifia unaweza kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Boxer yenye tiki-tiki ya wastani hainiogopeshi kama Boxer ya miaka minne isiyo na sauti yoyote.

Njia yao ya pili ni oili. Pikipiki hizi kwa kawaida hutumia oili ya 20W-50. Anayetaka kuuza injini iliyokwisha anatia oili nzito kuliko hiyo, au anaongezea ile dawa ya moshi ya kwenye chupa. Oili nzito inajaza nafasi kati ya ringi, zile duara za chuma zinazoizunguka pistoni, na silinda, kelele inapungua, moshi unapungua, na hali inakaa hivyo kwa siku chache tu. Ringi haijapona. Hakuna dawa ya kumimina inayorudisha chuma kilicholika, na anayekuuzia kwa maneno hayo anakuibia mchana kweupe.

Basi fanya hivi. Nenda alfajiri, bila kumwambia unakuja saa ngapi. Kabla ya kitu chochote weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya vuguvugu, mtu ameshaiwasha kabla hujafika. Usibishane naye, mwambie utarudi kesho. Injini ya baridi ndiyo itakayokuonyesha mengi. Ipige kiki kwa mguu, usitumie stata. Kiki inapaswa kukusukuma, usikie kabisa kuwa kuna kinachokataa. Ikishuka laini mpaka chini, mgandamizo, yaani nguvu ya pistoni kubana hewa, haupo.

Ikishawaka, simama nyuma ya ekzosi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika moja mbili usikutie hofu. Moshi mweusi ni petroli nyingi, na mara nyingi tatizo liko kwenye karabureta au kichujio cha hewa, kazi ndogo. Wa bluu ndio wa kuuliza maswali, kwa sababu hiyo ni oili inaungua. Na bluu nayo ina aina zake. Ikitoka kidogo wakati wa kuwasha tu kisha ikakoma, fikiria sili za vali, zile raba zinazozuia oili isipenye kwenye vali. Ikitoka kila unapovuta mafuta ukiwa na mzigo, hizo ni ringi na silinda, na hapo unazungumzia bloku, yaani nyumba ya silinda, na pistoni. Kisha injini ikiwa inaunguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili. Matone machache kuruka ni kawaida. Moshi ukipumua pale kwa nguvu, pu, pu, pu, ujue gesi inapita pembeni ya pistoni na kushuka chini.

Halafu ipandishe mlima. Mwanza tumejaliwa milima, sioni kwa nini mtu anajaribu pikipiki kwenye uwanja wa mpira. Beba mtu mzima, panda nayo barabara ya Bugando, na usishuke gia mapema. Injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, sahani za klachi zimeisha. Gia ikiruka yenyewe ukiwa unavuta, tatizo liko ndani ya giaboksi, na ukarabati wake si wa laki moja. Na muulize pikipiki ilikuwa inaegesha kijiwe gani. Iliyofanya kazi Bugarika au Mabatini, kupanda na kushuka mawe siku nzima, imekula klachi na breki. Iliyobeba ndoo za samaki na magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, hiyo iangalie nyuma: shokapu, spoku, na fremu pale keria inapofungwa. Ukiona weldingi mpya iliyopakwa rangi juu yake, ikwangue kwa ukucha mbele ya mwenyewe.

Kuhusu kilomita 18,000 sitapoteza muda. Bodaboda akitembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 tu ni 30,000. Waya wa spidi ukikatika namba zinalala pale pale, na dashibodi nzima inabadilishwa kwa spana moja. Angalia raba za kukanyagia, pedeli ya breki na mkono wa kiki. Vikiwa vimelika mpaka chuma kinang'aa, hizo 18,000 ni za mdomoni.

Hiyo ya "haijawahi kufunguliwa" nayo nimechoka kuisikia. Imegeuka kuwa sifa, kama vile injini kufunguliwa ni aibu. Injini ndogo inayobeba abiria kutwa, na oili yake haizidi sana lita moja, itafika siku ya kufunguliwa tu. Swali ni nani aliifungua na aliweka nini. Mtu akinionyesha risiti ya bloku na pistoni mpya, sili mpya, na miezi kadhaa ya kazi bila moshi, nitanunua hiyo na kuiacha isiyofunguliwa. Ya kukimbia ni ile iliyowekwa ringi mpya kwenye silinda ya zamani iliyolika. Ringi mpya haiwezi kukaa vizuri kwenye silinda ambayo si duara tena. Ama uchonge bloku na kuweka pistoni ya saizi ya juu, ama ubadilishe vyote pamoja. Wanaoruka hatua hiyo wanajua wanachofanya. Wanajua moshi utarudi, na wanajua wakati huo pikipiki itakuwa yako.

Na huyo fundi uliyekwenda naye umemkuta kijiweni kwao. Nani anamlipa? Katika biashara hii fundi, dalali na muuzaji mara nyingi wanakula sahani moja, na cha juu cha fundi kinatoka ukinunua tu. Mtu wa namna hiyo hawezi kukwambia acha. Hili linawahusu wote wanaonunua pikipiki Igoma, Nyegezi, Sengerema, popote: tafuta fundi asiyemjua muuzaji, mkubaliane malipo yake mapema, na umlipe kiasi kile kile ununue usinunue. Awe na geji ya kupimia mgandamizo. Geji ikisoma chini, adondoshee oili kidogo kwenye tundu la plagi apime tena. Kipimo kikipanda, ni ringi. Kisipopanda, mara nyingi ni vali. Ni kazi ya dakika chache, na anayekwambia haina haja kwa sababu ana masikio, mshukuru na umwache aende zake.

Mwisho, kadi. Pikipiki nyingi za bodaboda zipo kwenye mkataba: kijana anapeleka hesabu, na kadi inabaki kwa tajiri mpaka amalize. Wapo wanaouza kabla hawajamaliza. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Angalia kama namba yake haina deni la faini za barabarani. Kisha mwenye jina lililoandikwa kwenye kadi awepo mwenyewe siku ya kuandikishana, na muende naye TRA, Mamlaka ya Mapato, kubadilisha umiliki kabla hujamkabidhi hela yote. Akikwambia yuko Dar es Salaam na amemtuma mdogo wake, msubiri arudi.