Matatu imenigonga nikiwa kwa baiskeli, ati barabara ni ya magari?

SWALI: Habari ya kazi. Mimi hupeleka maziwa na baiskeli kutoka Mamboleo hadi Kondele asubuhi. Juzi matatu ikaniovateki karibu sana, saidi mira ikanigonga bega nikaanguka, maziwa ikamwagika yote na ringi ya nyuma ikapinda, spoku zingine zikakatika. Dereva alikuwa amesimama mbele kubeba abiria, nikamfuata, akaniambia ati barabara ni ya magari, nikisikia honi nishuke kwa mchanga. Sheria inasema hivyo kweli? Na hasara yangu nani analipa? Namba pleti niliandika. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Pole sana omera, na enda hospitali hilo bega liangaliwe hata kama unaona limepoa.

Hiyo maneno ya dereva ni uongo mtupu. Baiskeli imo ndani ya Sheria ya Trafiki, sura ya 403, na wewe ukikaa kushoto uko mahali pako. Honi ni ya kukuonya tu kwamba gari inakuja, haimpi mtu ruhusa ya kukusukuma, anayeovateki ndiye anafaa kungoja mpaka apate nafasi. Na huo mchanga wenyewe si unaujua, nduthi zimepaki, mama amepanga nyanya zake, sasa ushuke uende wapi? Inaniuma sana kuona mtu anatafuta unga yake halali anafukuzwa kwa lami kama mbuzi.

Tena alivunja sheria mara ya pili, kwa sababu ukigonga mtu ama chombo chake lazima usimame na utoe jina na anwani yako na ya mwenye gari, usipotoa uripoti polisi haraka, isipite masaa 24. Kwa hivyo nenda stesheni sasa hivi, uandikishe, upewe namba ya OB (kile kitabu cha polisi cha kuandika matukio), uombe abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuonyesha ajali imeripotiwa, na fomu ya P3 ambayo daktari atajaza kuhusu jeraha lako.

Sasa pesa. Hapa ndio watu wengi huchanganyikiwa, ile bima ya lazima ya matatu inashughulika na mwili wako, si ringi wala maziwa. Hiyo ya mali unamdai dereva na mwenye gari, na NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani inayosajili magari, watakuonyesha mwenyewe ni nani ukiwa na namba pleti. Wakikataa kulipa, kuna korti ya madai madogo, ilianzishwa na sheria ya 2016, inasikiza kesi mpaka milioni moja, si lazima uwe na wakili na inafaa kuamua ndani ya siku 60. Usiogope ati deni ni dogo, ndio kazi yake hiyo.

Jambo moja tu, kwa vile unatoka alfajiri watakuuliza kama ulikuwa na taa nyeupe mbele na riflekta nyekundu nyuma, kama huna nunua leo.

Tafuta mtu aliyeona, hata huyo mama wa nyanya. Risiti ya fundi weka, na hiyo ringi piga picha kwanza kabla hajainyoosha.