Hodi kwanza, Amina baadaye

Dada, hapo uliposema utafunga na kujifungia chumbani kuomba saa tatu hadi saa tano usiku kwa siku arobaini, na "hata jirani akija asifunguliwe mpaka nimalize", nimeegesha tuktuk kando ya barabara ili nikujibu. Usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na mpaka leo nalipa.

Mimi ni dereva hapa Malindi, nimepanga Maweni. Mwaka ule nilikwenda semina ya maombi. Mwalimu wetu akasema mtu akikubishia ukiwa magotini, huyo ametumwa na adui aje akukatize. Tukaandika. Bado namkasirikia, nasema wazi. Yeye ana mpishi, ana wa kumwendesha, getini kwake kuna bawabu, nani atambishia? Akaja kutufundisha sisi wa nyumba za kupanga, tunaotenganishwa na ukuta mmoja, tunaoombana chumvi na moto, kwamba jirani ni jaribu.

Usiku wa kumi na tatu nilikuwa kwenye Luka 11. Nikasikia "Hodi!" Ni mama wa chumba cha pili, Mwislamu, mumewe mvuvi na usiku ule alikuwa baharini. Tuktuk yangu iko nje, taa inawaka, anajua nipo. Nikapandisha sauti ya maombi. "Hodi!" Nikapandisha zaidi. Hodi ya tatu, kisha kimya, maana mtu mwenye adabu zake hapigi ya nne. Nikamshukuru Mungu. Kwenye daftari nikaandika "ushindi". Daftari hilo ninalo, sijalitupa.

Mtoto wake wa miaka minne alikuwa na homa kali, degedege imeanza. Alichotaka ni tuktuk tu. Alimbeba mgongoni gizani mpaka barabara kubwa, ndipo akapata bodaboda. Malaria. Walilazwa siku tisa. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, na sasa yuko shule.

Nilipokwenda kuomba msamaha, yule mama hakunigombeza. Aliniambia, "Nilikusikia uko kwenye ibada, sikutaka kukukata." Ramadhani ilipoingia, sahani ya futari ikaja kwangu kama kila mwaka, mihogo ya nazi na kaimati, imefunikwa kawa, na aliyetumwa kuileta ni yule yule mtoto. Niliipokea mikono ikinitetemeka. Lakini hodi ya mama yake sijaisikia tena, na huu ni mwaka wa nne. Akipata shida usiku anaupita mlango wangu, anakwenda wa mbali.

Na unajua nilikuwa nasoma nini? Mtu anambishia rafiki yake usiku wa manane, anaomba mikate mitatu, na wa ndani anajibu asisumbuliwe, mlango umeshafungwa. Chini kidogo Yesu anasema bisheni, nanyi mtafunguliwa. Nilisoma yote nikijiona mimi ndiye ninayebisha, kumbe mimi ndiye wa ndani. Soma pia Luka 8. Binti wa Jairo, miaka 12, yuko kufani, Yesu anaharakishwa, watu wanamsonga, naye anasimama kwa ajili ya mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Hakumwambia asubiri. Usinicheke, madereva nasi tunasoma Luka. Kwenye foleni ya abiria kuna muda mwingi.

Na muda huo ndio ninaoombea sasa. "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Ni sala ya kale ya Wakristo wa Mashariki, inaisha kabla abiria hajakaa vizuri, na akishuka unaianza tena. Nikipeleka wageni kwenye lile kanisa dogo la Wareno karibu na bahari, huwaambia kwamba mwaka 1542 Mtakatifu Francis Xavier, safarini kwenda Goa, alishuka Malindi na hapa akazikwa mmoja wa watu wa chombo chao. Alikuwa na safari ndefu mbele yake, na bado maiti alipata wa kumwombea.

Kuhusu mfungo wako, soma Isaya 58, mstari wa saba, uone Mungu anataka chakula unachojinyima kiende kwa nani. Ulivyouliza kuhusu mume asiyeomba na watoto wanaosinzia kwenye maombi, watakujibu wenye ndoa ndefu kuliko yangu.

Saa tatu yako usiiache, ni saa nzuri, watoto wamelala na vyombo vimeoshwa. Ila komeo usilitie, na ukisikia hodi sema "karibu" kwanza, Amina itakungoja. Umesema jirani yako ana mtoto mchanga. Nenda leo, kabla ya usiku wa kwanza, umwambie kwamba kuanzia saa tatu hadi saa tano utakuwa macho.