Trakta ya Nyasi Inalia na Kushindwa Kunyanyua

SWALI: Assalam aleikum. Natunza bustani ya nyumba za wageni hapa Casuarina, Malindi. Trakta yetu ndogo ya kukata nyasi hunyanyua sanduku la visu vizuri asubuhi, lakini ikishapata moto hunyanyua kwa kusitasita, pampu hulia, na mafuta ya haidroliki hujaa povu. Chini sioni tone la mafuta. Tena nikizima injini, sanduku hushuka lenyewe. Fundi asema pampu imekufa, ninunue nyingine. Je, nimsikilize?
Mtunza bustani, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam. Pampu isinunuliwe kwanza. Huenda kweli imechakaa, kwa kuwa mafuta yakipata moto huwa mepesi na kupenya kwenye sehemu zilizolika, lakini povu pamoja na mlio huashiria zaidi kwamba pampu inavuta hewa, na hewa, kwa kuwa hubanika, haiwezi kunyanyua mzigo sawasawa. Chujio lililoziba nalo huliza pampu, ila hilo kwa kawaida husumbua zaidi asubuhi, mafuta yakiwa bado mazito.

Anza na kiasi cha mafuta: trakta isimame mahali tambarare, sanduku likiwa chini na injini imezimwa. Ikiwa yanatosha, chunguza mpira unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, kwani upande huo huvuta badala ya kusukuma, na ufa wake unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone, ndiyo maana huoni kitu chini. Mpira uliozeeka hulainika kwa joto, na klipu iliyoliwa na kutu ya chumvi haiubani tena. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, klipu hizo ndizo za kushukiwa mwanzo. Visu vikiwa vimezimwa, na mikono ikiwa mbali na mikanda na feni, paka mafuta mazito kwenye kila kiungo cha upande huo huku injini ikinguruma. Mlio ukibadilika ghafla, ufa umeupata.

Yatie pia mafuta kidogo kwenye gilasi na uyaache hadi kesho yake. Yakitakata, lilikuwa povu la hewa tu. Yakibaki meupe kama tui, yameingia maji, na hapo hakuna dawa ila kuyamwaga yote, kubadilisha chujio na kutia mapya. Wanaoosha trakta kwa kumiminia maji kwenye kifuniko cha tangi hujitafutia hasara hiyo wenyewe.

Kushuka kwa sanduku ni ugonjwa mwingine, na pampu mpya huenda isiutibu. Baadhi ya trakta zina kitasa chini ya kiti cha kupunguza kasi ya kushuka, ambacho kikifungwa kabisa huzuia mafuta kutoka kwenye silinda inayonyanyua sanduku. Ikiwa yako inacho, nyanyua sanduku, ukifunge, kisha uzime injini. Likitulia, silinda ni nzima na valvu ya kuongozea ndiyo inayovuja. Likiendelea kushuka, sili za silinda, yaani mipira ya ndani inayozuia mafuta yasipenye, zimechoka. Pitisha ukucha kwenye fimbo inayong'aa ya silinda: ukikwama kwenye vishimo vya kutu, sili mpya zitakatwa muda si mrefu, kwa hiyo fimbo ishughulikiwe pamoja nazo.

Kabla ya kulegeza mpira wowote, teremsha sanduku hadi chini. Uvujaji wa upande unaosukuma utafutwe kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kiganja, maana mafuta yenye mgandamizo mkubwa hupenya ngozi kama sindano. Likitokea hilo, jeraha hata likiwa dogo kama la mwiba, mtu apelekwe hospitali saa ile ile na daktari aambiwe kilichoingia ni mafuta ya haidroliki.

SWALI: Mafuta ya haidroliki yakikosekana dukani, naweza kutia ya breki?
Msomaji, Watamu

JIBU: La. Mafuta ya breki ya kawaida yana asili ya glaikoli, na sili za haidroliki za trakta nyingi huvimba na kuharibika zikikutana nayo. Tia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trakta yako. Nyingine hutumia hata mafuta ya injini, lakini si zote. Ikiwa umekwisha kutia ya breki, usiwashe injini. Yamwage kwanza.