Bega la baba baada ya kiharusi

SWALI: Baba ametoka hospitali, upande wa kushoto umelegea. Tukimwinua kwa kumvuta mkono, analia bega. Tufanyeje? (Msomaji, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Acheni kuuvuta kabisa. Misuli inayoshikilia bega imelegea. Mfupa wa mkono hushuka kidogo kwenye tundu lake, na kila mvuto huzidisha maumivu. Mgeuzeni alale ubavu wa kulia, miguu ishuke nje ya kitanda, kisha mwinueni kwa kumshika nyuma ya ubapa wa bega na kwenye nyonga. Akiketi, mkono ulale juu ya mto, usining'inie. Asubuhi na jioni aushike mwenyewe kwa mkono wa kulia ulio mzima, auinue mara 10, mwisho usawa wa bega. Kamba ya kuvutia mkono juu, ambayo majirani hupenda kushauri, huumiza. Kiganja kikivimba na kupata moto, mpelekeni kwa kine, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo.